Maji Kwanza, Moto Baadaye: Mwongozo Kamili wa Hita ya Maji ya Karavani

Usiku wa kwanza niliolala ndani ya karavani yangu, kando ya Ziwa Bunyonyi hapa Uganda, niliwasha hita ya maji kabla ya kujaza tangi. Koili ya umeme ilikufa hata sijamaliza kufungua begi la nguo. Upande ule wa Kabale uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na baridi yake ya alfajiri si ya mzaha, kwa hiyo kulipokucha nilioga maji yaliyochemshwa kwenye sigiri ya mlinzi, mwenyewe akinitazama kwa huruma. Nyumba ya magurudumu yenye bafu, friji na taa za urembo, na mwenye nyumba anaoga kwa kopo.

Tangu hapo nimefungua hita hizi mara nyingi, yangu na za wenzangu, kuanzia Jinja mpaka Kapchorwa. Nilichokiona ni kwamba hita nyingi zinazoitwa mbovu si mbovu. Zimewashwa kinyume cha utaratibu, au zimekosa kimoja kati ya vitu vitatu: maji, gesi iliyochanganyika vizuri na hewa, na volti 12 za betri. Maliza hivyo vitatu kabla hujamtuma mtu Kiseka, soko la vipuri la Kampala, kutafuta vipuri ambavyo huenda Kiseka hawana.

Nasema karavani, ile nyumba ndogo inayovutwa nyuma ya gari. Ukisema trela pale Malaba utaonyeshwa lori la magurudumu ishirini na mawili.

Tambua hita yako

Karavani nyingi utakazokutana nazo hapa ni za Kimarekani au za Kiingereza, na unaweza kuzitofautisha ukiwa mbali. Ya Kiingereza ina mlango upande wa kushoto, kwa sababu Uingereza huendesha kushoto kama sisi. Ya Kimarekani mlango uko kulia, kwa hiyo ukiegesha kando ya barabara ya Masaka, hatua yako ya kwanza unaishusha mbele ya mabasi. Jihadhari na watoto.

Hita ya Kimarekani iko nyuma ya kimlango cha bati chenye matundu, ubavuni mwa karavani. Ukikifungua unakuta kichomeo, bodi ya umeme na vali ya usalama. Jina mara nyingi ni Suburban au Atwood (siku hizi Atwood iko chini ya Dometic). Tangi la kawaida ni la galoni 6, yaani lita 22.7: jerikeni moja na chupa tano ndogo za maji. Tofauti kubwa kati ya hizo mbili ni kwamba tangi la Suburban ni la chuma kilichopakwa kauri kwa ndani na hulindwa na fimbo ya anodi, inayoliwa na kutu badala ya tangi, ilhali la Atwood ni la alumini na halihitaji fimbo. Nimeona fundi akiilazimisha fimbo kwenye tangi la Atwood. Usimruhusu.

Karavani ya Kiingereza mara nyingi ina Truma, iliyojificha chini ya kitanda au kiti, yenye tangi la lita 10 au 14. Nje unaona mdomo wa bomba la moshi tu, ukiwa na kifuniko cha plastiki. Kifuniko hicho hutolewa kabla ya kuwasha gesi. Watu hukisahau, hita ikagoma, kisha lawama zikaenda kwa gesi.

Umeme wa hapa na koili ya kule

Hapa ndipo pesa nyingi zinapoungua, kwa hiyo nitakaa kidogo. Umeme wa Uganda ni volti 240. Koili ya hita ya Kimarekani imetengenezwa kwa volti 120, na huwa na nguvu ya wati 1,400 hadi 1,440. Volti zikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne: ile koili ya wati 1,440 itajaribu kuvuta wati 5,760. Haitaweza. Bahati ikiwepo, fyuzi itakatika. Isipokuwepo, waya utayeyuka ndani ya ukuta wa mbao nyembamba na sponji. Karavani ya Kimarekani ni lazima ipitie transfoma ya kushusha umeme kutoka 240 kwenda 120, yenye uwezo wa kubeba koili pamoja na vingine vyote vinavyowaka wakati huo. Mimi sishuki chini ya VA 3,000 (volti-ampea, kipimo cha uwezo wa transfoma). Usimwamini anayekuambia kwamba kubadilisha plagi kunatosha. Plagi haijui volti.

Truma ya Kiingereza haina tatizo hilo, kwani ni ya volti 230 na koili yake ni wati 850 tu. Shida yake hapa ni umeme hafifu. Kwenye kambi iliyo mwisho wa laini, nimepima volti 180 saa mbili usiku, wakati kila nyumba inapika na kutazama televisheni. Kwa volti 180 koili ya wati 850 inabaki na wati kama 520, na maji yanayopaswa kuwa tayari jioni unayapata karibu na kulala. Kabla ya kuifungua, chomeka testa kwenye soketi usome volti. Kambi ikitumia Yaka, ule umeme wa kulipia kabla, muulize pia mwenyeji kama yuniti zipo. Niliwahi kuvua mfuniko wa Truma kwa saa nzima, kumbe Yaka ilikuwa imeisha.

Usifikirie kuendesha koili kwa betri na invata. Wati 1,440 kutoka betri ya volti 12 ni ampea 120. Betri itazimika kabla maji hayajawa vuguvugu. Jenereta ndogo ya wati 800 nayo itakohoa na kuzima. Ukiwa porini, Kidepo au Murchison, tumia gesi. Bodi ya kuwashia gesi inakula umeme kidogo sana, na sola ndogo inaimudu.

Kujaza tangi

Nyuma ya hita ya Kimarekani kuna vali za kuchepusha maji, ziwe tatu au moja. Kazi yake ni kuyapitisha maji pembeni ya tangi, na Wamarekani huzitumia majira ya baridi ili tangi lisipasuke kwa barafu. Sisi hatuna barafu ila kule juu Rwenzori, lakini karavani huja na vali hizo zikiwa zimeachwa kwenye mkao wa baridi. Hapo ndipo mtego ulipo: vali ikiwa imechepusha, mfereji wa maji moto unatoa maji vizuri kabisa na tangi ni tupu. Maji kutoka mferejini hayathibitishi chochote.

Ziweke hivi: vali ya kuingiza maji baridi kwenye tangi iwe wazi, ya kutoa maji moto iwe wazi, ile ya katikati inayounganisha mabomba mawili iwe imefungwa. Mkono wa vali ukilala sambamba na bomba, imefunguliwa. Ukilikata bomba kama msalaba, imefungwa.

Sasa washa pampu, au unganisha mpira wa mfereji wa kambi. Ukitumia mfereji wa mjini, weka kipunguza presha kwenye mpira, maana presha ya bomba la NWSC, shirika la maji la taifa, kwenye mitaa ya bondeni inaweza kupasua viungo vya plastiki vya karavani. Truma zimepangiwa bari 2.8, si zaidi. Fungua mfereji wa maji moto wa jikoni usubiri. Utakohoa, utatema hewa, kisha maji yatatulia. Pampu ya kawaida ya karavani hutoa lita kama 10 kwa dakika, kwa hiyo tangi tupu la lita 22 linachukua dakika mbili na zaidi. Ukiona maji yametulia kwa sekunde kumi tu, rudi kwenye vali. Fungua pia mfereji wa bafu mpaka utulie, kisha funga yote.

Kwenye Truma angalia vali ya kumwagia maji, ambayo kwenye baadhi ya hita huitwa FrostControl. Ikiwa wazi, maji yanatiririka chini ya gari na pampu inanguruma bila kuacha. Geuza kitasa na kubonyeza kitufe ili kuifunga. Vali hiyo hujifungua yenyewe joto likikaribia nyuzi 3, jambo ambalo kwenye kambi zetu halitokei, kwa hiyo ukiikuta wazi kuna mtu aliyeigusa.

Kuwasha kwa gesi

Hita hizi hutaka gesi ya presha ndogo, milibari 28 hadi 30, ile ile ya jiko la nyumbani. Regeleta ya kawaida ya mtungi wa nyumbani ya milibari hizo inafaa. Regeleta ya presha kubwa, ile ya majiko ya hoteli na ya kuchomea, haifai hata kidogo. Na vichwa vya mitungi hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo kabla ya safari hakikisha regeleta yako inakaa kwenye mtungi utakaoupata njiani. Mimi nabeba mtungi wa kilo 6 wa akiba na kulimaliza suala hilo.

Fungua koki ya mtungi polepole. Kiungo cha mtungi wa Kimarekani kina kizuizi ndani kinachodhani kuna bomba lililopasuka pale gesi inapotoka kwa kishindo, nacho hubana njia. Paka povu la sabuni kwenye viungo vyote. Likitoa mapovu, kaza. Kiberiti si kipimo cha kuvuja.

Kisha washa jiko kwanza. Nalisisitiza hili kila mara. Ukibadilisha mtungi, bomba limejaa hewa, na jiko huitoa mbele ya macho yako: mwali unasita, unatapika, unatulia. Ukianza na hita, bodi itajaribu mara kadhaa, nyingi hujaribu mara tatu, itapata hewa tupu, itawasha taa nyekundu na kugoma. Mwali wa jiko ukitulia, zima jiko, bonyeza swichi ya hita. Utasikia cheche zikidondoka tak-tak-tak, kisha moto ukishika kwa mvumo. Nenda nje uutazame. Uwe wa bluu, umeingia ndani ya bomba lake, unanguruma kidogo. Ikigoma, zima, subiri dakika tano gesi itawanyike, ndipo ujaribu tena.

Hita za zamani hazina cheche. Zina moto mdogo wa kudumu unaowashwa kwa mkono: bonyeza kitasa, washa kwa kiberiti kirefu, shikilia nusu dakika, achia. Ukizima ulipoachia, kihisi chake cha joto hakijapata moto wa kutosha au kimechoka.

Bomba la moshi lisielekee ukutani, wala lisifunikwe na turubai la baraza. Moshi wa gesi isiyoungua vizuri una kaboni monoksidi, sumu ile ile inayoua watu waliolala na sigiri ndani ya chumba kilichofungwa. Haina harufu. Dirisha lililo juu ya bomba hilo lifungwe wakati hita inawaka. Gesi yenyewe ni nzito kuliko hewa na hujikusanya sakafuni, ndiyo sababu karavani zina matundu chini. Usiyazibe kwa zulia kwa sababu ya baridi au mbu.

Unapata maji kiasi gani?

Kutoka nyuzi 22 mpaka 60, tangi la lita 22 huchukua kama dakika 25 kwa gesi ya Suburban na kama dakika 40 kwa koili. Ukiwasha vyote viwili, robo saa. Kila tangi linakula gesi ya gramu 100 hivi, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 unakupa matangi zaidi ya 50 ukiutumia kwa hita peke yake. Koili inakula karibu yuniti moja ya Yaka kwa tangi.

Maji ya nyuzi 60 huwezi kuyaoga, ni lazima uchanganye, na yakichanganywa yanafika karibu jerikeni mbili za maji ya kuogea. Sisi tuliokulia kwenye beseni tunaogea lita 15 na tunatoka tunang'aa. Wageni wangu wanaosimama chini ya bafu wakiimba ndio wanaolalamika kwamba hita ni ndogo. Jiloweshe, funga maji, jipake sabuni, fungua, jisuuze. Watu watatu wanaoga. Na kama huutaki usumbufu wote huu, Kitagata maji ya moto hutoka ardhini yenyewe, bila mtungi wala Yaka.

Inapogoma

*Hakuna cheche, hakuna sauti.* Pima betri. Ikiwa chini ya volti 11, iache hita, chaji betri. Kisha angalia fyuzi, kisha waya wa ardhi. Barabara za marumu zinatikisa karavani kama debe la karanga, na skrubu ya waya wa ardhi ndiyo ya kwanza kulegea. Kwenye Suburban, chini ya kifuniko cha mpira karibu na kichomeo, kuna vitufe viwili vya usalama, kimoja cha gesi, kingine cha umeme. Hufyatuka maji yakizidi joto. Vibonyeze. Kikifyatuka tena kesho yake, thamostati imekwama, nayo ibadilishwe. Usiunganishe waya kukiruka kitufe, nakuomba. Mwisho chomoa plagi ya bodi na kusugua meno yake ya shaba kwa raba ya penseli. Kutu nyembamba isiyoonekana imewahi kunigharimu safari nzima ya Sipi.

Kwenye Atwood kuna kitu kingine: kifyuzi kidogo cha joto ndani ya kimpira, kwenye waya unaopita karibu na mdomo wa bomba la moto. Kikikatika, moto ulirudi nje. Usikibadilishe kabla hujajua ni kwa nini ulirudi. Jibu liko hapo chini, kwenye nyigu.

*Cheche ipo, moto haushiki.* Gesi haifiki. Jiko linawaka? Kama haliwaki, ni mtungi au regeleta. Kama linawaka, sikiliza kitovu cha vali ya gesi ya hita, kinapaswa kugonga "tak" cheche zinapoanza. Kikigonga na moto usishike, tundu la kichomeo limeziba. Lifungue, liloweke kwenye spiriti, lipulize. Usilichokoe kwa sindano, kwani tundu hilo limetobolewa kwa kipimo na likipanuka hata kidogo mwali unakuwa mkubwa na mchafu.

*Moto unashika, kisha unazima baada ya sekunde chache.* Bodi haiuoni moto. Ile ncha inayotoa cheche ndiyo pia inayohisi mwali. Nafasi kati ya ncha na chuma iwe milimita 3 hivi, na ncha iwe ndani ya mwali. Isafishe kwa msasa laini. Kauri yake ikiwa na ufa, umeme unatorokea njiani, na hapo hakuna ujanja ila mpya.

*Moto wa njano, masizi kwenye kimlango.* Mara tisa kati ya kumi, nyigu. Nyigu wa udongo anapenda bomba la hita kuliko nyumba yoyote nchini. Siku tatu zinatosha kujenga. Buibui naye husuka utando ndani ya bomba la kichomeo, huuoni mpaka umulike kwa tochi. Toa kichomeo, pitisha brashi ya chupa ya mtoto, gonga udongo utoke, rudisha tundu likiwa limenyooka na katikati ya bomba. Ukimaliza, funika kimlango kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo, usiwe wa plastiki wala wa kuziba hewa.

Kama hakuna nyigu, tazama ulipo. Kampala iko mita 1,200 hivi, na ukipanda Kabale au Kapchorwa hewa inazidi kuwa nyepesi. Kwa mita 2,000 hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko pwani. Gesi ni ile ile, hewa imepungua, mwali unageuka njano. Legeza skrubu ya kidirisha cha hewa kwenye kichomeo, kifungue kidogo kidogo mpaka bluu irudi. Ukishuka Kasese, kirudishe.

*Vali ya usalama inadondosha maji.* Kila mtu huikimbilia na spana. Ngoja. Maji yakipashwa hupanuka, na juu ya tangi kuna mto mdogo wa hewa unaoupokea upanuzi huo. Hewa hiyo huyeyuka taratibu majini, mto ukaisha, vali ikaanza kulia. Zima hita, subiri maji yapoe kabisa, zima pampu au funga mpira, fungua mfereji wa maji moto kupunguza presha, kisha inua mkono wa vali. Maji yatatoka, yaache mpaka yakome yenyewe. Achia mkono ujifunge, funga mfereji, washa pampu. Mto umerudi. Ikiendelea kudondosha, inua na kuachia mara mbili tatu, huenda chembe ya mchanga imekaa kwenye kiti chake. Ikishindikana, nunua nyingine ya kipimo kile kile. Vali hiyo hufunguka kwa nyuzi 99 au psi 150, na ndiyo inayozuia tangi lisigeuke bomu. Niliwahi kuletewa karavani ambayo vali yake ilizibwa kwa kizibo cha chuma "ili isidondoshe". Nilikataa kuiwasha hata kwa majaribio.

*Maji vuguvugu tu.* Hita inawaka vizuri, tangi ukiligusa ni la moto, mfereji unatoa vuguvugu. Nenda nje, kwenye bafu la nje la kuoshea miguu. Kama mifereji yake miwili imeachwa wazi na kufungwa pale kwenye kichwa tu, maji baridi yanavuka kuingia upande wa moto karavani nzima. Funga yote miwili. Kama si hilo, ni vali ya kuchepusha iliyo nusu wazi.

*Gesi ni nzuri, umeme haupashi.* Chomoa umeme kabisa, toa nyaya za koili, pima kwa testa. Koili ya wati 1,440 ya volti 120 isomeke ohmu 10 hivi, na ya Truma ya wati 850 kama ohmu 62. Testa isiposoma kitu, koili imekatika. Kwa hita ya Kimarekani utashawishika kununua koili ya gizeri ya nyumbani ya volti 240, maana zinapatikana na uzi wake unafanana. Unafanana kwa macho tu. Uzi wa Kiingereza wa inchi 1 una meno 11 kwa inchi, wa Kimarekani 11.5. Utaingia mizunguko miwili, utauma, utavuja. Agiza ya kwake, na ufunguo wake wa milimita 38.

*Harufu ya yai bovu upande wa moto.* Ni vijidudu vinavyozalisha gesi ya salfa majini, na fimbo ya anodi huvichochea. Mwaga tangi, kisha weka Jik ya kawaida, mililita 100 kwa kila lita 60 za maji kwenye tangi kuu, vuta mpaka uisikie harufu yake kwenye kila mfereji, acha saa nne, mwaga, suuza mpaka harufu iishe. Usichanganye Jik na siki, mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini.

Usafi wa tangi

Fungua Suburban kila baada ya miezi sita. Zima gesi na umeme, acha maji yapoe, ondoa presha kupitia vali ya usalama, kisha fungua fimbo kwa spana ya bokisi ya milimita 27. Simama pembeni. Fimbo iliyoliwa robo tatu ibadilishwe. Usishangae ikiwa imebaki waya mtupu, imekufa badala ya tangi. Pitisha mpira wenye ncha nyembamba usukume mchanga na chokaa nje. Rudisha fimbo kwa tepu nyeupe ya mabomba, mizunguko miwili mitatu, isizidi, kwa sababu fimbo ni lazima iguse chuma cha tangi. Atwood ina kizibo cha nailoni badala ya fimbo. Kikaze kwa mkono na robo mzunguko wa spana, basi.

Maji yakiwa na chumvi au chokaa nyingi, kama ya visima vingi vya upande wa Katwe na Kasese, koili huvaa ganda jeupe na maji huchelewa. Jaza tangi kwa mchanganyiko wa siki moja na maji mawili, acha usiku kucha bila kuwasha, mwaga, suuza. Hapa nchini mimi hununua siki ya madumu sokoni, ile ya bei rahisi. Kachumbari haihusiki.

Karavani ikikaa zaidi ya wiki mbili, mwaga tangi lote na uache vali wazi likauke. Kisha chukua tepu ya karatasi, andika TANGI TUPU kwa kalamu nzito, ibandike juu ya swichi ya koili yenyewe, si pembeni yake, ili kidole kisiweze kuibonyeza bila kuing'oa kwanza. Yangu imeshabadilika rangi kwa vumbi na bado ipo.